Kichwa Kizito Si Ujinga

Wako wanakisomo wanaoacha darasa wakisema, "Kichwa changu ni kizito, mimi ni mjinga tu." Jana mtu alisoma neno vizuri, leo limempotea. Anaingia jikoni, anasahau alichofuata. Hesabu ya madebe matatu ya kahawa inamshinda. Huo si ujinga, wala hakurogwa. Huenda ni dalili kwamba mwilini kuna jambo.

Ubongo hufanya kazi kwa hewa safi inayoletwa na damu. Damu ikipungua, fikra hufunikwa kama ukungu unavyofunika ziwa asubuhi.

Hapa kwetu Bukoba na Muleba, sababu moja huanzia kibanjani. Chini ya migomba mna kivuli na unyevu. Mtu akijisaidia humo, mayai ya minyoo ya safura huanguliwa. Minyoo hiyo michanga hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu, husafiri mpaka utumboni, na huko hunyonya damu kila siku. Mgonjwa huchoka akipanda kilima, moyo humwenda mbio, na akili huwa nzito.

Shika kioo, uvute kope la chini la jicho. Ndani pakiwa peupe badala ya pekundu, nenda zahanati ukapimwe damu na choo. Ukikutwa na safura utapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi. Wengi huogopa, wakaviacha. Wewe vimalize kama ulivyoagizwa. Kisha chimba choo, vaa viatu shambani.

Ndizi hushibisha, lakini peke yake haziongezi damu ya kutosha. Zipike na maharage, au zile kwa dagaa na mchicha. Kahawa na chai visinywewe pamoja na chakula. Ngoja kama saa moja. (Najua wazee hawatapenda kusikia hili.)

Malaria, njaa, kukosa usingizi, huzuni ya muda mrefu, lubisi na gongo navyo huleta uzito huo. Mweleze mganga yote bila kuficha, hata ya pombe.

Lakini mwenye homa akianza ghafla kusema maneno yasiyoeleweka, akashikwa na degedege au shingo ikakakamaa, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.