Namna ya Kuwasikiliza Wataalamu wa Siasa za Uingereza

Tarehe 4 Julai 2024, saa nne kamili usiku kwa saa za London, BBC, ITV na Sky zilitangaza kwa pamoja kwamba chama cha Labour kingepata viti 410 bungeni. Vituo vya kura ndiyo kwanza vilikuwa vinafungwa, na hakuna sanduku lililokuwa limefunguliwa. Hesabu ilipokamilika, Labour walikuwa na viti 411, ukimwacha Spika. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea kusubiri matokeo siku kadhaa huku kila upande ukidai umeshinda, hayo yanafanana na mazingaombwe.

Timu iliyofanya makadirio hayo iliongozwa na Profesa John Curtice wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow. Watafiti husimama nje ya vituo vilivyochaguliwa, visivyofika hata 150 nchi nzima, na kuwaomba wapiga kura wanaotoka wajaze tena karatasi inayofanana na ya kura. Kila inapowezekana hurudi kwenye vituo vilevile vya uchaguzi uliopita, kwa sababu wanachokitafuta ni kiasi gani watu wa pale wamehama kutoka chama hiki kwenda kile. Lakini usiku uleule timu ileile iliipa Reform UK viti 13, na chama hicho kikaambulia vitano. Chama kikubwa walikilenga barabara. Chama kichanga, ambacho hakikuwa na historia ya kutosha ya kulinganisha, kikawapiga chenga.

Kwa hiyo yeyote anayefuatilia mijadala ya wataalamu kuhusu Uingereza, awe Leicester au Nairobi, asiishie kuuliza kama mtaalamu huyu ni msomi. Aulize anapima nini, na kipimo chake kinaishia wapi.

Tuanze na tafiti za maoni, zile zinazotangazwa karibu kila wiki. Hizi si sawa na utafiti wa mlangoni wa siku ya kura. Mlangoni anaulizwa mtu aliyekwisha kupiga kura, ilhali kwenye utafiti wa kawaida anaulizwa mtu anayesema angepiga kura. Mwaka 2015 tafiti za mwisho zilionyesha Conservative na Labour wako sako kwa bako, kisha Conservative wakashinda kwa takriban asilimia saba. Jopo la wanazuoni lililochunguza kosa hilo lilikuta kwamba tatizo kubwa lilikuwa sampuli: watu waliopatikana na kukubali kuulizwa hawakufanana na wapiga kura wenyewe. Ukisikia takwimu ya aina hii, tafuta idadi ya walioulizwa, tarehe, na maneno kamili ya swali. Kampuni zilizo chini ya British Polling Council zinapaswa kuyachapisha hayo yote, na ni bure kuyasoma. Kwa watu 1,000, tofauti ya asilimia tatu juu au chini ni ya kawaida, kwa hiyo mtangazaji anayepiga kelele kwamba chama fulani kimepanda kwa asilimia moja anajaza muda tu. Na kuna mambo ambayo hakuna sampuli itakayoyaona: tarehe 1 Mei 2025, uchaguzi mdogo wa jimbo la Runcorn and Helsby uliamuliwa kwa kura sita, Reform UK wakaichukua ngome ya Labour.

Kura ni kitu kimoja na viti ni kitu kingine, na hapa ndipo wageni wengi wanapopotea, hata wale wanaotoka Kenya na Tanzania ambako wabunge wa majimbo huchaguliwa kwa utaratibu uleule wa anayeongoza kuchukua. Uingereza ina majimbo 650, na kila jimbo ni shindano lake. Mwaka 2017, Labour chini ya Jeremy Corbyn ilipata asilimia 40 ya kura na ikashindwa. Mwaka 2024, chini ya Keir Starmer, ilipata asilimia 33.7 na ikashinda kwa kishindo. Kwa idadi ya vichwa, kura za Labour mwaka 2024 zilikuwa chache kuliko zile za 2019, mwaka iliposhindwa vibaya. Kilichobadilika ni kwamba wapinzani wake walikuwa wamegawanyika, nazo kura zake zikaangukia mahali zinapohitajika. Mfano wa 2015 ni mkali zaidi: chama cha UKIP kilipata kura zaidi ya milioni 3.8 na kiti kimoja, wakati chama cha SNP cha Scotland, chenye kura kama milioni 1.5, kiliondoka na viti 56. Basi mchambuzi akikwambia Waingereza wamekipa chama fulani ridhaa kubwa, mwombe asilimia ya kura kwanza, halafu idadi ya viti. Wengi hutaja ile inayowafaa.

Jambo jingine la kupita nalo haraka: uliza ni Uingereza ipi inayozungumziwa. Afya na elimu husimamiwa na serikali za Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja kwa upande wake. Waziri wa Afya aliyeko London hana mamlaka juu ya hospitali za Glasgow. Mjadala wa ada za vyuo vikuu unaousikia redioni huenda usimhusu kabisa mwanao anayesoma Edinburgh.

Sasa uhamiaji, mada ambayo Waswahili walioko kule huisikiliza kwa masikio mawili. Takwimu inayotajwa sana ni uhamiaji halisi, yaani walioingia kwa kukaa muda mrefu ukitoa walioondoka. Haiwahesabu watalii, na haikwambii nani yuko nchini bila kibali. Hutolewa na ofisi ya taifa ya takwimu, ONS, na hurekebishwa mara kwa mara. Mei 2023 ofisi hiyo ilisema uhamiaji halisi wa mwaka 2022 ulikuwa 606,000. Novemba ya mwaka huohuo ikasema, baada ya kupata data zaidi, kwamba ulikuwa 745,000. Hakuna aliyekuwa ameficha kitu, ila mwanasiasa anaweza kuchagua tarakimu ya zamani au mpya kwa kadiri ya hotuba yake.

Wataalamu makini, kama wale wa Migration Observatory katika Chuo Kikuu cha Oxford, huichambua namba hiyo kwa makundi: wanafunzi, wafanyakazi, familia, wakimbizi wa Ukraine, watu wa Hong Kong. Ndipo unapoona kwamba wanafunzi wakiingia kwa wingi mwaka huu, wengi wao wataondoka baada ya miaka michache, na namba itashuka hata kama serikali haikufanya lolote. Waziri atakayekuwepo siku hiyo atajipongeza. Unaona pia kwamba waliovuka bahari kwa boti ndogo mwaka 2022, karibu 46,000, walikuwa sehemu ndogo ya zaidi ya watu milioni moja walioingia, ingawa ndio waliojaza kurasa za mbele za magazeti.

Kuna kosa linalowagharimu watu fedha na usingizi kuliko hayo yote, nalo ni kuchanganya pendekezo na sheria. Mchukue mtu anayefanya kazi ya kuwahudumia wazee mjini Birmingham. Anaamka, anakuta ujumbe wa WhatsApp: ukaazi wa kudumu sasa ni miaka kumi. Je, imekuwa sheria? Ujumbe wa namna hiyo ulianza kuzagaa baada ya serikali kutoa waraka wake wa sera ya uhamiaji Mei 2025. Waraka wa sera unaeleza nia ya serikali, basi. Ndani ya waraka huo kulikuwa na mambo yaliyosafiri kwa kasi tofauti kabisa. Kufungwa kwa mlango wa kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje ya nchi kulianza kutumika tarehe 22 Julai 2025, wiki kama kumi tu baadaye. Pendekezo la kuongeza muda wa kawaida wa kusubiri ukaazi kutoka miaka mitano hadi kumi lilipelekwa kwanza kwenye mashauriano ya umma, yaliyofunguliwa Novemba. Mtaalamu aliyeyataja yote mawili kwa pumzi moja hakudanganya, lakini hakukusaidia.

Zishike ngazi hizi. Tangazo la waziri au waraka wa sera ni nia. Mashauriano ni hatua ambayo hata wewe unaweza kuandika maoni yako yakapokelewa. Muswada lazima upite katika mabunge yote mawili, la Commons na la Lords, kabla ya kutiwa saini kwa niaba ya Mfalme. Lakini kanuni za uhamiaji zina njia ya mkato: wizara huwasilisha bungeni taarifa ya mabadiliko, na zinaweza kuanza kutumika ndani ya wiki chache bila mjadala mrefu. Ndiyo maana marufuku ya wahudumu wa wazee kwenda na wenza na watoto wao, iliyotangazwa Desemba 2023, ilikuwa imeanza kufanya kazi Machi 2024. Kabla ya kuuza kiwanja au kuacha kazi kwa sababu ya ulichosikia, soma ukurasa husika wa gov.uk na uangalie tarehe ya kuanza. Ushauri wa kesi yako mwenyewe uchukue kwa wakili, au kwa mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority. Profesa wa redioni hajui una viza gani, wala si kazi yake kujua.

Halafu utazame anayelipa. Uingereza imejaa taasisi za utafiti wa sera zenye majina ya heshima, na si zote zinazofanana. Fabian Society, ya tangu 1884, iko upande wa Labour na haifichi. Institute of Economic Affairs, ya 1955, inatetea soko huria. Kusikiliza zote mbili ni jambo jema, mradi ujue unamsikiliza mtetezi. Mipaka yenyewe huvukwa pia: Torsten Bell aliongoza Resolution Foundation, taasisi inayoheshimika kwa tafiti za kipato, kisha mwaka 2024 akagombea ubunge kwa tiketi ya Labour na kushinda. Kwa upande wa hesabu za serikali, masikio ya wengi huelekea Institute for Fiscal Studies na OBR, ofisi iliyoundwa 2010 ili makadirio ya bajeti yasipikwe na waziri wa fedha mwenyewe. Septemba 2022 serikali ya Liz Truss ilitangaza punguzo kubwa la kodi bila kuambatanisha makadirio ya OBR. Hatifungani za serikali zikaporomoka, Benki Kuu ikalazimika kuingia sokoni, na kabla ya mwezi kwisha tangu tangazo lile Truss alikuwa ametangaza kujiuzulu.

Televisheni na redio zimebanwa na kanuni za kutopendelea. Magazeti hayakubanwa hivyo, yana vyama vyake na wasomaji wanavijua. Lakini kanuni hizo zina udhaifu wake. Mara nyingi kipindi hukaribisha mtu wa kushoto na wa kulia, wakapandishiana sauti dakika nane, na hilo likaitwa uchambuzi. Binafsi naona dakika nane za maktaba ya bunge zina faida zaidi. House of Commons Library huandaa muhtasari kwa ajili ya wabunge wa vyama vyote kuhusu karibu kila mada, na mtu yeyote popote duniani anausoma bure. Vikao vya kamati za bunge huonyeshwa mtandaoni, na pale mtaalamu huulizwa maswali na watu wasiokubaliana naye. Mtu anayetaka kusikiliza huku anapika ana kipindi cha BBC Radio 4 kiitwacho More or Less, ambacho kazi yake ni kukagua takwimu zilizotajwa na wakubwa.

Mwisho kuna jambo ambalo wengi wetu walioko Uingereza hawalijui. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, kwa kuwa nchi zao ni wanachama wa Jumuiya ya Madola, wanaruhusiwa kupiga kura Uingereza hata katika uchaguzi mkuu, mradi wawe wakazi wenye umri unaotakiwa na kibali halali, au wawe hawakihitaji. Uraia wa Uingereza si sharti. Mwaka 2016 walikuwa na haki ya kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, haki ambayo Mfaransa aliyeishi London miaka ishirini hakuwa nayo. Raia wa Kongo au Burundi hawana haki hiyo ya jumla, lakini wakiishi kihalali Scotland au Wales wanaweza kuchagua madiwani na wabunge wa bunge la huko. Kujiandikisha hufanyika kwenye gov.uk, na lazima kukamilike siku 12 za kazi kabla ya kura. Uchaguzi wa Bunge la Uingereza ukifika, beba kitambulisho chenye picha kituoni. Pasipoti ya Kenya au Tanzania inakubalika, na asiye nacho huomba cheti cha mpiga kura bila malipo.