Nyanya, Shanga na Tarakilishi

Wanachama wenzangu, wengi wetu tukisikia tarakilishi tunafikiria kupiga chapa barua na kucheza michezo. Lakini mashine hii ilianza kuchora zamani. Mwaka wa 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad. Unagusa kioo kwa kalamu ya mwanga, mstari unatokea, kisha unaubadilisha bila raba. Leo majengo na madaraja huchorwa kwa programu za ukoo huo.

Hapa kwetu Isiolo, mchoro tunaoujua sana ni wa shanga. Nyanya yangu hutunga mikanda. Muhula uliopita mnunuzi mmoja alitaka mikanda 20 yenye nakshi moja. Nakshi yenyewe imo kichwani mwa Nyanya tu, na siku hizi macho yake hayaoni tundu la ushanga. Nikaona heri niihamishe.

Nilianza kwa karatasi ya grafu: mraba mmoja, ushanga mmoja. Kisha nikaenda kwa tarakilishi, nikafungua lahajedwali, ile programu ya vijisanduku tunayojumlishia alama. Nilivifinya vijisanduku vikawa miraba, nikavipaka rangi. Ukikosea unabadilisha rangi, hufumui uzi. (Stima ilipotea mara moja kabla sijahifadhi kazi, nikaanza upya. Hayo tuyaache.)

Shida ilikuwa pembetatu. Nilitaka chini iwe na shanga 13 na kimo chake kiwe safu 5. Ukivuta mstari mnyoofu kutoka kona hadi ncha, kila safu inapaswa kupungua shanga moja na nusu kila upande, na ushanga haukatwi nusu! Basi nikakadiria: 13, 11, 7, 5, 1. Nilipompelekea Nyanya karatasi, aliisogeza karibu na uso, akacheka.

"Hii imeng'atwa na mbuzi," akasema.

Kumbe yeye hapimi kona. Hupunguza moja huku na moja huku, kila safu, mpaka ibaki moja: 13, 11, 9, 7, 5, 3, 1. Safu zinakuwa 7. Jumlisha mwenyewe: utapata 49, yaani 7 mara 7, na sidhani hiyo ni bahati tu.

Baadaye nilisoma kwamba kosa langu liliwapata hata wataalamu. Ron Eglash, Mmarekani aliyeandika kitabu African Fractals mwaka wa 1999, alitengeneza pamoja na wenzake programu ya Virtual Bead Loom, ya kufundishia hesabu kwa shanga za wenyeji asilia wa Marekani. Mwanzoni programu ilichora pembetatu kwa kuunganisha kona tatu, kingo zikatoka hazilingani. Ikabidi wawaulize watungaji shanga wenyewe. Hao wakaeleza kanuni yao ya safu kwa safu, ndipo programu ikarekebishwa. Yaani mashine ilipelekwa shule, na mwalimu alikuwa mtungaji shanga.

Nami nilirekebisha yangu, nikaichapisha. Sasa Mama na dada wanatunga kwa kufuata karatasi, naye Nyanya anapitisha kidole gumba ukingoni kukagua. Mmoja ameshaufumua. Mikanda 9 iko tayari, bado 11.