Neno na Picha: Kuzisoma Upya Ngoma za Pwani

Utangulizi

Mwanafunzi anayefungua kamusi kongwe kutafuta neno moja mara nyingi huifunga akiwa na matatu asiyoyatafuta. Raha hii imeongezeka tangu kamusi na picha za karne ya 19 zianze kupatikana mtandaoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba raha hiyo yaweza kuwa njia ya utafiti, mradi neno na picha visomwe pamoja.

Neno

Tuchukue neno gungu. Wengi wetu tulilisikia darasani likihusishwa na tungo za Fumo Liyongo. Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili wa mwaka 1870, alilieleza kuwa ni aina ya ngoma, kisha akatofautisha gungu la kufunda, linalochezwa na jozi moja, na gungu la kukwaa, linalochezwa na jozi mbili. Maelezo haya mafupi yanatukumbusha kwamba palipoimbwa gungu palichezwa pia. Hata hivyo, hayatuonyeshi mavazi wala hatua za wachezaji.

Picha

Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kimeweka mtandaoni mkusanyo wa Winterton wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya mwaka 1860 na 1960. Msomaji wa picha za aina hii hana budi kukumbuka kuwa kamera za miaka ya 1860 zilihitaji watu watulie kwa sekunde kadhaa. Aliyetikisika alitokea kama ukungu. Kwa hiyo, picha ya ngoma ya wakati huo aghalabu ni ya watu waliosimamishwa. Inatupa mavazi, ala na mpangilio, lakini mwendo umetoweka.

Aidha, maelezo ya picha za kikoloni mara nyingi huishia kwenye neno ngoma, ambalo ni chombo, mchezo na sherehe kwa pamoja. Hapo ndipo msamiati adimu unapofaa. Asiyelijua neno vugo huona mwanamke aliyeshika pembe na kijiti. Anayelijua huona harusi.

Hitimisho

Tahadhari ni muhimu. Jozi mbili za wachezaji pichani hazithibitishi kuwa hilo ni gungu la kukwaa. Mtafiti aandike neno, mwaka wa kamusi na mahali picha ilipohifadhiwa, kisha avipeleke vyote kwa wazee wa Lamu, Mombasa au Pate, awasikilize wakitaja majina na kuonyesha hatua. Kamusi na picha zitatungoja maktabani, wazee hawatatungoja. Nyanya aliyewahi kupiga vugo haihitaji kamusi. Kamusi ndiyo inayomhitaji yeye, tena angali hai.