Chemsha Bongo ya Gumbo: Maswali Manne na Moja Lililobaki





Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile, pale unapovuka daraja kutoka Juba mjini na kuishika barabara ya Nimule. Vijana wa madrasa waliniomba niwaandalie chemsha bongo. Nilichagua mada nne: michezo, makamanda, majira na ulemavu. Nayaleta maswali hayo hapa pamoja na kosa langu, kwa kuwa kosa ndilo lililonifundisha zaidi.

Swali la 1: Timu ya kikapu ya wanaume ya Sudan Kusini iliifunga nchi gani katika mchezo wake wa kwanza wa Olimpiki?

Jibu: Puerto Rico, kwa vikapu 90 kwa 79, katika Olimpiki ya Paris, tarehe 28 Julai 2024. Swali hili halikumshinda mtu Gumbo. Walikumbuka hata kwamba kabla ya mchezo ulipigwa kimakosa wimbo wa taifa wa Sudan. Niliwaongezea kwamba michezo si jambo geni katika Sira. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W) alipigana mieleka na Rukana akamwangusha, na kwamba alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A).

Swali la 2: Ni Swahaba gani aliyekabidhiwa jeshi akiwa hajafika hata miaka 21?

Jibu: Usama bin Zaid (R.A), mwaka wa 11 Hijria, sawa na 632. Katika jeshi lake walikuwemo watu wazima wenye heshima kubwa, na baadhi ya watu walinung'unikia ujana wake. Mtume (S.A.W) alimtetea, akawakumbusha kwamba hata baba yake, Zaid, walimsema hivyo hivyo, naye alistahiki uongozi. Baada ya Mtume kufariki, Abubakar (R.A) alilituma jeshi lile lile. Alilisindikiza kwa miguu huku Usama akiwa juu ya kipando.

Swali la 3: Kwa nini dunia ina majira?

Wengi walijibu kwamba dunia husogea karibu na jua kisha ikawa mbali nalo. Sivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati London wanatetemeka kwa baridi. Sababu ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kiasi cha nyuzi 23.5, hivyo kila upande hupata zamu yake ya kulielekea jua. Sisi Juba tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo hatuna majira manne kama Ulaya. Tuna mvua, takriban Aprili hadi Oktoba, na kiangazi kinachokaza Desemba hadi Machi. Qur'an nayo imetaja majira: Surat Quraysh inazungumzia safari za Makuraishi za kusi na kaskazi, yaani za wakati wa baridi na wa joto. Na kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, Ramadhani huzunguka misimu yote katika miaka ipatayo 33. Anayefunga leo kwenye matope ya masika, akijaaliwa umri, atafunga pia kwenye vumbi.

Swali la 4: Muadhini wa Mtume (S.A.W) mjini Madina alikuwa nani?

Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika jina moja tu: Bilal. Wakati huo alikuwa ameingia kijana mmoja, amechelewa, anatembelea magongo, na suruali imejaa tope hadi magotini. Akanyoosha mkono akasema, "Abdullah bin Umm Maktum." Nikamwambia amekosea, nikatoa alama kwa kundi jingine. Akasema kwa upole, "Ustadhi, walikuwa wawili."

Alisema kweli. Bilal (R.A) aliadhini kungali usiku, na watu waliendelea kula daku mpaka waisikie adhana ya Ibn Umm Maktum (R.A), ambaye alikuwa kipofu. Ndiye Swahaba ambaye kwa sababu yake ziliteremka aya za mwanzo za Surat 'Abasa. Mtume (S.A.W) alimwachia usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja alipotoka kwenda vitani. Hadithi hiyo niliisoma mwaka wa kwanza na kuifanyia mtihani. Siku niliyoandika swali sikuikumbuka.

Tutazame jambo moja katika hadithi hiyo. Asiyeona alipewa kazi ya kutangaza alfajiri, jambo linalojulikana kwa macho. Aliifanyaje? Imepokewa kwamba hakuadhini mpaka aambiwe kumekucha. Watu wa Madina hawakumwambia akae nyumbani apumzike, wala hawakumwonea huruma ya maneno. Walimpa kitu kimoja alichokosa, yaani habari ya alfajiri, na kazi iliyobaki akaifanya mwenyewe.

Wazo hilo linafanya kazi hata nje ya Sira. Mwaka 1948 daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Washiriki walikuwa 16, wanajeshi waliojeruhiwa, wote katika viti vya magurudumu. Kutokana na mbegu hiyo ikapatikana Paralimpiki ya kwanza, Roma 1960, kisha ya majira ya baridi, Sweden 1976.

Niliirudisha alama yake mbele ya wote. Kundi lake bado lilishindwa, kwa alama mbili. Baadaye nilimuuliza kwa nini alichelewa. Akanionyesha ngazi tatu za mlangoni, zimelowa, hazina pa kushika. Alikuwa amesimama nje mpaka alipopita mtu wa kumshika mkono. Sisi tulikuwa ndani, tunaulizana maswali ya ulemavu.

Kesho yake tulizipima: kimo cha sentimita 45. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Kwa hiyo tunahitaji mita 5 na sentimita 40, pamoja na bomba la kushika. Vijana wameanza kuchangia saruji.

Swali la tano nalielekeza kwako, ndugu msomaji. Nenda msikitini kwenu chuoni, hesabu ngazi za mlangoni na za mahali pa kutawadhia. Kisha jiulize: ni nani anayeisikia adhana yetu na hawezi kuingia? Jibu lake lipeleke kwa viongozi wa jumuiya kabla ya Ijumaa, na uende na futi kamba.

Wabillahi tawfiq.