DUME ASIPANDE BINTI ZAKE



Seli za mwili wa ng'ombe zina kromosomu 60, yaani nyuzi zinazobeba urithi. Mbegu ya dume ina 30 tu, na yai la jike 30. Zikiungana, ndama anapata 60: nusu ya baba, nusu ya mama.

Dume akipanda binti yake, kasoro iliyojificha inaweza kutoka pande zote mbili na kujitokeza. Ndama huweza kuzaliwa dhaifu au na kilema.

Fanya hivi:

1. Andika baba wa kila ndama.
2. Mkiazimana dume mtaani, Temeke au Kinondoni, ulizeni kwanza kama ndiye baba wa mtamba.
3. Badilisha dume kabla binti zake hawajaanza kupandwa.
4. Ukihimilisha, andika namba ya dume iliyo kwenye mrija wa mbegu.