Gemu: Kununua, Kubadilishana au Kukodi?

Najua wako watakaoona kichwa cha makala haya waseme, "Jamani, huyu naye ameishiwa na mada?" La hasha. Nimeamua kuandika juu ya gemu kwa sababu katika darasa letu pekee nawajua wanne waliopoteza pesa mwaka huu kwa ajili ya gemu, na wa tano ni mimi. Pesa zangu zilikuwa shilingi 1,500. Nilizipata kwa kumsaidia mama kukaanga na kuuza mandazi likizo nzima ya Agosti. Mtu asiniambie hizo ni pesa kidogo.

Kwanza lugha, maana hili ni jarida la Kiswahili. Jina sanifu ni michezo ya video, lakini ukifika Luthuli Avenue hapa Nairobi ukaulizia michezo ya video, huenda ukaonyeshwa televisheni. Sema gemu. Diski yake tunaiita sidii, hata kama kwa kweli si sidii, na kile cha kushika mkononi ni padi. Tena kuna kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya katika insha na likanila alama: mwenye mali hukodisha, anayelipa hukodi. Kwa hivyo sisi hatuendi kibandani kukodisha gemu. Tunaenda kukodi.

Sasa tuingie kwenye somo. Watu wengi wakitaka gemu huuliza swali moja tu: "Hii ni pesa ngapi?" Nimekuja kugundua kwamba kuna swali linalofaa kutangulia, nalo ni hili: nikishalipa, nitabaki na nini? Kibandani unalipia muda. Muda ukiisha unabaki na hadithi ya kusimulia. Ukinunua sidii unabaki na kitu unachoweza kumwazima rafiki, kukibadilisha au kukiuza. Ukinunua gemu kupitia intaneti unabaki na ruhusa ya kucheza. Mambo haya matatu si sawa, hata bei ingekuwa moja.

Tuanze na kibanda, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tulipoanzia. Kile cha mtaani kwetu ni cha mabati, kina televisheni tatu na viti ambavyo vimeshonwa kwa waya. Mechi moja ni shilingi 20. Wazazi husema kibanda ni hasara, lakini hesabu haisemi hivyo kila mara. Mtu asiye na mashine nyumbani akicheza mechi mbili kila Jumamosi, atalipa shilingi 40 kwa wiki. Muhula wa wiki 13 utamgharimu shilingi 520. Stima si yake, mashine si yake, na padi ikiharibika si yeye anayempelekea fundi. Kwa mtu kama huyo kununua mashine ni kujitafutia deni.

Shida iko mahali pengine. Vibanda vingi vina sheria yao: anayefungwa ndiye analipa. Ukiitazama kwa haraka unaona ni ya haki. Ukiitazama vizuri unaona kwamba anayejua hucheza bure mchana kutwa, na anayejifunza ndiye anayewalipia wote wawili. Ndugu yangu mdogo alifungwa mechi sita mfululizo siku moja. Sita mara 20 ni 120, na ndani ya hizo 120 mlikuwa na nauli ya Jumatatu na Jumanne. Alitembea. Mama alipomwuliza mbona amefika usiku, akasema ati matatu ziligoma. Bahati yake mbaya, mama alikuwa amekuja na matatu.

Kwa hivyo anayekodi achague kibanda ambacho wachezaji hugawana malipo nusu kwa nusu, au hulipa kwa saa. Aulize pia mechi ni ya dakika ngapi, kwa sababu mwenye mashine anaweza kupunguza muda wa kipindi, bei ikabaki ile ile. Na kibanda kinachomruhusu mwanafunzi kuingia saa nne asubuhi akiwa na sare, usikiamini hata kwa mambo mengine. (Wasichana, mkiingia mtaulizwa mnamtafuta nani. Jibuni kwamba mnatafuta padi.)

Sisi nyumbani tulipata mashine kwa neema. Shangazi anayefanya kazi Doha alituletea PlayStation 4 iliyokwisha tumika. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 2013, kwa hivyo si mpya, lakini inacheza. Ilikuja na gemu moja tu ya magari. Ndugu yangu alitaka ya mpira, na mimi, nisiwafiche, niliitaka kumliko yeye. Basi Jumamosi moja nikapanda matatu hadi mjini na zile 1,500 zangu.

Niliingia kwenye eksibisheni moja, yale majengo yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Jina lake silisemi. Muuzaji alikuwa mcheshi. Akaitoa sidii kwenye kasha, akaitia kwenye mashine yake, na kabla sijahesabu hata hadi ishirini uwanja ukatokea na mashabiki wakaanza kupiga kelele. "Unaona, siste? Iko sawa kabisa." Nikalipa. Risiti sikuomba, maana nilijiambia kwamba macho yangu yameona.

Nyumbani tuliiweka. Mashine ikaanza kunakili, ikafika karibu theluthi moja, ikasimama. Tukaitoa, tukaipangusa, tukairudisha. Ikasimama pale pale. Wiki iliyofuata niliirudisha mjini, nikaambiwa, "Hapa si ulijionea ikicheza? Mashine yenu ndiyo mbovu." Nilikosa la kusema. Nauli ya kwenda na kurudi nayo ikaongezeka juu ya hasara.

Aliyenifumbua macho ni mwenye kibanda wa mtaani, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu alikariri. PlayStation 4 haichezi gemu moja kwa moja kutoka kwenye sidii. Kwanza huinakili gemu ndani ya diski yake ya ndani, na baada ya hapo sidii hutumika kama ufunguo tu, wa kuthibitisha kwamba unayo. Mashine ya yule muuzaji ilikuwa na gemu hiyo ndani tangu zamani. Sidii yangu yenye mikwaruzo haikuhitajika kusomwa yote. Ilitosha kusomwa kidogo, mlango ukafunguka. Mimi nikadhani nimejaribu sidii, kumbe nilijaribu mashine yake!

Basi, ukinunua sidii ya PS4 iliyotumika, mwambie muuzaji akuonyeshe kwamba gemu hiyo haimo ndani ya mashine anayojaribia. Kama imo, aifute kisha aanze upya. Gemu yenyewe inaweza kufunguka kabla kunakili hakujaisha, kwa hivyo usishangilie mapema. Tazama ule mstari wa kunakili mpaka ufike mwisho. Inaweza kuchukua nusu saa au hata zaidi. Akisema hana muda, na wewe sema huna pesa.

Igeuze pia sidii chini ya mwanga. Mjomba wangu, ambaye alicheza sana PlayStation 2, aliniambia niisugue kwa dawa ya meno. Wakati wake huenda ilisaidia kidogo, kwa sababu sidii za PS2 zilikuwa za aina ya CD na DVD, na katika DVD habari zimefichwa katikati, karibu milimita 0.6 kutoka upande unaosomwa. Za PS4 ni za aina ya Blu-ray, ambazo habari zake ziko milimita 0.1 tu kutoka juu. Zimepakwa ganda gumu la kuzilinda, lakini mkwaruzo ukishapita lile ganda, unagusa habari zenyewe. Nilisugua. Ilinukia vizuri, basi.

Na risiti je? Wengi wetu tunadhani kitu kilichotumika hakina haki yoyote. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili azifaidi, na kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro zake. Tena tunayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Lakini utamshtaki nani kama huna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba mlikutana? Ukilipa kwa M-Pesa, angalau ule ujumbe unabaki na jina, siku na kiasi. Mimi nililipa noti. Omba risiti, na juu yake iandikwe jina la gemu na siku ngapi unaruhusiwa kuirudisha.

Kuhusu kubadilishana, kuna njia mbili. Dukani unapeleka yako, unaongezea pesa, unapewa nyingine. Ni rahisi, lakini jua kwamba muuzaji lazima apate faida mara mbili: anaichukua yako kwa bei ya chini na anakupa nyingine kwa bei ya juu. Kwa mfano, akiihesabu yako kuwa 700 na yake kuwa 1,500, utaongezea 800, na kesho yake ile yako iko rafuni kwa 1,500 vile vile. Fanya hivyo mara tatu uone umeongezea 2,400, na mkononi una sidii moja tu.

Njia ya pili ni sisi kwa sisi. Darasani kwetu tuko sita wenye mashine, na tumeanza daftari. Ndani tunaandika gemu, mwenyewe, aliyeichukua, tarehe, na hali ya sidii upande wa chini. Muda ni wiki mbili. Anayeirudisha na mkwaruzo mpya anamlipa mwenyewe bei tuliyokubaliana mbele ya wote. Mpaka sasa tumegombana mara moja tu. Gemu za hadithi ndizo zinazofaa zaidi kwa mtindo huu, kwa sababu ukishaimaliza huna haja nayo tena. Ya mpira hakuna anayetaka kuitoa.

Na nikiitaja ya mpira, jambo moja la kalenda. Gemu kubwa ya mpira hutolewa upya kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Septemba. Ile iliyoitwa FIFA ilifika FIFA 23, iliyotoka 2022, na tangu 2023 imekuwa ikiitwa EA Sports FC, ingawa vibandani bado ni FIFA tu. Mpya ikitoka, ya mwaka uliotangulia hushuka thamani. Mimi nilinunua yangu mwishoni mwa Agosti! Ningengoja mwezi mmoja tu. Na anayetaka kuuza, auze kabla ya Septemba.

Imebaki njia ya intaneti. Hapa kwetu wako wanaouza gemu bila sidii kwa bei ya kutupa: anaingiza akaunti yake kwenye mashine yako, gemu inashuka, anaenda zake. Gemu hiyo si yako, ni ya akaunti. Akiiondoa mashine yako kwenye akaunti yake, utaona kikufuli juu ya picha ya gemu, na simu hapokei. Hivyo ndivyo alivyoumia mmoja wa wale wanne. Ukitaka kununua kwa intaneti, fungua akaunti yako mwenyewe, na kadi ya malipo iwe ya nchi ile ile ya akaunti, la sivyo itakataliwa. Hesabu na bando pia. Gemu kubwa hufika gigabaiti 40 au 50, na bila waifai ya nyumbani bando linaweza kukugharimu kuliko sidii.

Vita hivi vya sidii na ruhusa si vya kwetu peke yetu. Mwaka wa 2013 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, ingewekea masharti gemu zilizotumika. Sony ikajibu kwa filamu fupi sana kuhusu jinsi ya kuazimana gemu za PS4: mtu anamkabidhi mwenzake kasha, mwenzake anasema asante, mwisho. Wachezaji walipiga kelele na mwezi huo huo wa Juni Microsoft ikarudi nyuma. Huko California, sheria iliyotiwa sahihi Septemba 2024 inawataka wanaouza kwa intaneti wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni. Hata hivyo, sidii nayo si kinga ya kila kitu. Gemu ya magari iitwayo The Crew ilihitaji intaneti kila wakati. Kampuni ilipozima mitambo yake tarehe 31 Machi 2024, waliokuwa na sidii walibaki na kasha. Soma nyuma ya kasha kama gemu inalazimu intaneti kabla hujatoa pesa.

Kwa sasa tunacheza mpira kwa sidii ya rafiki yangu, namba nne kwenye daftari, inarudi kwake Ijumaa. Ile yangu ya 1,500 mama ameitundika kwa uzi juu ya gunia la sukuma wiki nyuma ya nyumba ifukuze ndege. Jua likiipiga inametameta, na mpaka leo ndege hawajagusa jani.