Kipimo cha Ugali kwa Mwenye Kisukari

Mtu akiambiwa ana kisukari, nyumbani huanza kumnyima sukari ya chai. Ni vyema, lakini kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4 tu hivi za wanga, na sahani ya ugali uliosongwa kwa gramu 100 za unga wa sembe ina zaidi ya 70. Wanga huo ukimeng'enywa huwa glukosi, ileile inayopimwa kwenye damu. Katika kisukari cha aina ya pili insulini haifanyi kazi ipasavyo, na glukosi inarundikana. Ndiyo maana ninashikilia kwamba matibabu ya chakula yaanze kwenye ugali, wali, chapati na viazi.

Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 23. Baada ya miezi 6, watu 57 katika kila 100 waliopunguza wanga walikuwa wameshusha sukari chini ya kiwango cha ugonjwa. Kwa waliofuata milo mingine walikuwa 31. Hata hivyo, kufikia mwaka mmoja sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Wapo wanaoona hapo sababu ya kuupuuza mlo huu. Mimi naona sababu ya kuchagua kiasi ambacho familia itakiweza miaka yote: ugali nusu ya uliozoeleka, na nafasi iliyobaki ijazwe mchicha, matembele, bamia au kabichi, pamoja na dagaa, mayai au maharage. Maharage yana wanga pia, ila nyuzinyuzi zake huuchelewesha kuingia kwenye damu. Uzito ukipungua, insulini nayo hufanya kazi vizuri zaidi.

Husemwa kwamba dona haina madhara. Ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, lakini wanga wake bado ni mwingi, kwa hiyo nayo ipimwe. Husemwa pia kwamba chakula hiki ni cha matajiri, na kweli nyama ni ghali; dagaa na mboga za majani zinapatikana kwenye masoko mengi kwa bei nafuu. Pingamizi zito zaidi ni la dawa. Anayetumia insulini au glibenklamaidi akipunguza wanga ghafla, sukari inaweza kushuka mno: atatetemeka, atatokwa jasho, atachanganyikiwa. Huyo, pamoja na mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo, azungumze kwanza na kliniki, dozi na mlo vipangwe pamoja.